Wiki ambayo mistari yote ilitulia: uchambuzi wa kisa cha kaunti moja, Juni 2021

Usuli

Kisa hiki kinahusu kaunti moja ya magharibi mwa Kenya. Ilikuwa miongoni mwa kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na Magharibi ambazo serikali ya taifa ilizitangaza kuwa kitovu cha maambukizi ya korona katikati ya Juni 2021, ikazirudishia kafyu ya kuanzia saa moja jioni huku sehemu nyingine za nchi zikiwa na kafyu ya saa nne usiku. Jina la kaunti, la hospitali na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Tarakimu za ndani za kaunti sikuziweka, na penye hesabu ya mfano nimesema wazi kwamba ni mfano. Tarakimu za taifa ni zile zilizotangazwa hadharani.

Ili kuelewa walichokuwa wakikisoma wanakamati wa kaunti wiki hiyo, ni lazima turudi nyuma mwaka mmoja. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa janga ulikadiria kwamba Kenya nzima ilikuwa na vitanda 537 vya ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, na mashine 256 za kusaidia kupumua, na kwamba kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na angalau ICU moja. Katikati ya 2020 kila kaunti ikaagizwa iwe na vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Agizo hilo lilileta msukumo uliohitajika sana. Kaunti ambazo zingejikokota zilinunua vitanda na magodoro, zikakarabati wodi zilizokuwa magofu. Lakini liliacha pia kipimo kibovu. Kwa sensa ya 2019, Lamu ina watu 143,920 na Nairobi ina 4,397,073. Vitanda 300 Lamu ni kitanda kimoja kwa kila watu 480 hivi. Nairobi ni kimoja kwa zaidi ya watu 14,600. Namba ileile moja ilipewa kaunti zote, na kila kaunti ikajitahidi kuifikia kwa njia yake.

Kaunti yetu iliifikia kwa kuhesabu wodi mbili za hospitali ya rufaa ya kaunti, vyumba vya pembeni katika hospitali za kaunti ndogo, na mabweni ya chuo kimoja. Jumla iliandikwa kwenye ripoti, ikapelekwa Nairobi, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo "uwezo wa kaunti". Mwaka mzima hakuna aliyekuwa na sababu ya kuigusa tena.

Ripoti ya Jumatatu

Mapema Mei 2021 aina ya kirusi iliyogunduliwa kwanza India, ambayo baadaye iliitwa Delta, ilithibitishwa Kisumu. Kufikia mwanzo wa Juni wahudumu wa zahanati za kaunti yetu walikuwa wakilalamika kwamba watu wanakuja na homa na kifua kwa wingi usio wa kawaida. Ndipo ripoti ya Jumatatu moja ikafika mezani kwa kamati ya dharura ikiwa na mambo matatu ya kutia moyo.

La kwanza, visa vipya vilikuwa vimeacha kupanda. Vilipanda kwa wiki mbili, kisha vikakaa palepale kwa siku kadhaa. La pili, idadi ya wagonjwa walioko ICU haikuwa imebadilika kwa siku tisa. La tatu, ukichukua wagonjwa wote wa korona waliolazwa ukawagawanya kwa vitanda vyote vya kuwatenga, vilivyokaliwa havikufika nusu.

Ripoti iliandikwa vizuri, na kila tarakimu ndani yake ilikuwa sahihi. Hilo nalisisitiza, kwa sababu watu wakisikia takwimu zimepotosha hudhani mara moja kwamba kuna aliyedanganya. Hapa hakuna aliyedanganya. Maafisa wa kumbukumbu walikuwa wakikesha kuzikusanya.

Pendekezo lililoambatana na ripoti lilikuwa kuendelea kufuatilia hali, na kuahirisha maombi ya oksijeni ya ziada hadi mwezi ujao wa bajeti.

Aliyesimamisha mambo alikuwa muuguzi msimamizi wa wodi ya korona, aliyeitwa kwenye kikao kueleza suala la posho. Mkurugenzi alimwambia, "Sista, angalau wewe una nafasi." Akajibu, "Daktari, vitanda ninavyo. Jana usiku wagonjwa wawili walishiriki mtungi mmoja wa oksijeni, na mmoja tulimweka kwenye kiti karibu na mtambo kwa sababu bomba halifiki kwenye kile kitanda kilicho wazi."

Kikao kiliahirishwa kwa saa moja. Kamati ikaenda wodini.

Walichokiona wodini

Kwenye ukuta kando ya meza ya wauguzi kulikuwa na ubao mweupe. Badala ya majina ulionyesha namba za vitanda, na mbele ya kila namba lita za oksijeni kwa dakika na saa mtungi ulipofunguliwa. Spana ya kufungulia mitungi ilikuwa imefungwa kwa kamba ya bendeji kwenye mguu wa meza ili isipotee, maana ilikuwa moja. Nyuma ya mlango mitungi mitupu ilikuwa imelazwa, na iliyojaa imesimamishwa. Ubao ule wa wauguzi ulikuwa umebeba taarifa ambazo ripoti ya kamati haikuwa nazo, na zilikuwa zimekaa pale kwa wiki kadhaa bila mtu wa ghorofa ya juu kuziulizia.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Mtungi mkubwa wa aina ya J hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika hula lita 600 kwa saa, kwa hiyo mtungi humfikisha saa 11 na kidogo. Anayehitaji lita 15 kwa dakika kwa maski yenye mfuko humaliza uleule kwa saa saba na nusu. Tuseme, kwa mfano, una wagonjwa 10 wa lita 10: kwa siku unahitaji lita 144,000, yaani mitungi 21 na ushee. Hali zao zikizorota wote wakafika lita 15, unahitaji karibu mitungi 32. Idadi ya wagonjwa ni ileile, vitanda ni vilevile, asilimia ya vitanda vilivyokaliwa haijasogea hata nukta moja, na bado mahitaji yameongezeka kwa nusu.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshaonja jambo hili. Katika wimbi la Machi na Aprili 2021 Wizara ya Afya ilieleza kwamba mahitaji ya oksijeni yalikuwa yamepanda kutoka takriban tani 410 kwa mwezi kabla ya janga hadi takriban tani 880, na serikali ikawasihi waliohodhi mitungi wairudishe. Kwa hiyo tatizo lilijulikana. Lililokosekana ni safu ya oksijeni kwenye fomu ya kila siku ya kaunti.

Kwa nini kila mstari ulitulia

Baada ya kurudi kwenye kikao, kamati ilichukua yale mambo matatu na kuuliza swali moja kwa kila moja: ni kitu gani kingeweza kulizuia hili lisipande?

Visa vipya. Sampuli zilikuwa zikipelekwa kwenye maabara nje ya kaunti. Vifaa vya kuchukulia sampuli vilikuwa vimepungua, na vituo vikaanza kumpima tu aliyelazwa au aliyezidiwa. Idadi ya vipimo kwa siku ikagonga kikomo, visa navyo vikagonga kikomo. Dalili ilikuwepo kwenye safu ya pili ya ripoti ileile: kiwango cha maambukizi, yaani kati ya sampuli zilizopimwa ni ngapi zenye virusi, kilikuwa kikipanda huku visa vikiwa vimesimama. Mistari hii miwili ikiachana hivyo, mara nyingi ugonjwa unakimbia kuliko vipimo. Mnamo Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango kiwe chini ya asilimia 5 kwa majuma mawili kabla ya kulegeza masharti, na kaunti yetu ilikuwa imekipita kipimo hicho kwa mbali.

Wagonjwa wa ICU. Hawakuongezeka kwa sababu vitanda vilikuwa vimejaa. Debe likijaa, maji ndani yake hayapandi tena hata kama bomba bado liko wazi; ukitaka kujua hali, tazama sakafu. Sakafu hapa ilikuwa wodi ya kawaida, ambako wagonjwa waliostahili ICU walikuwa wakisubiri, na hakuna fomu iliyowahesabu. Tangazo la kila siku la taifa nalo lilitaja idadi ya walioko ICU na walio kwenye oksijeni. Halikutaja walioombewa kitanda wakakosa. Mtu aliyekuwa akifuatilia tangazo hilo nyumbani kwake Eldoret au Malindi angeona mstari ulionyooka na kushukuru Mungu.

Vitanda vilivyokaliwa. Hapa kosa lilikuwa kwenye kigawanyo. Mabweni ya chuo yalikuwa na vitanda vizuri, neti mpya na vyoo safi, lakini hayakuwa na bomba la oksijeni wala wauguzi. Yalijengewa hoja 2020, wakati mtu mwenye kirusi alitengwa hata kama hana dalili. Miongozo ya kuwatunza wagonjwa wepesi nyumbani ilipotoka Juni 2020, kazi ya mabweni ikaisha. Vitanda vyake vikabaki kwenye hesabu, vikishusha asilimia kila asubuhi.

Niongeze tahadhari moja iliyotajwa kwenye kikao kwa kupita tu, ingawa ilistahili zaidi. Vitanda kuwa wazi huweza kuwa na maana iliyo kinyume kabisa na nafuu. Wakati wa mgomo wa wauguzi mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 wodi nyingi za umma zilionekana nusu tupu. Wagonjwa walikuwa wamerudi nyumbani au hawakuja.

Kujilinganisha na jirani

Mwanakamati mmoja alileta hoja ya haki: mbona kaunti jirani ilikuwa na visa vingi kuliko yetu lakini kiwango chake cha maambukizi kilikuwa chini? Je, sisi ndio tulikuwa wagonjwa zaidi, au wao?

Jibu lilitegemea nani alipimwa. Jirani alikuwa akipima makundi makubwa ya watu wasio na dalili, sisi tulipima waliozidiwa. Jambo hili lilikuwa limeshaonekana 2020, pale kaunti za mpakani, Busia ikiwa mfano unaojulikana zaidi, zilipochomoza kwenye orodha ya taifa kwa sababu madereva wa malori walikuwa wakipimwa kabla ya kuvuka. Visa viliandikwa kwenye kaunti ya kituo cha kupimia, ingawa wengi wao walikuwa wenyeji wa kwingine. Ukizipanga kaunti kwa wingi wa visa, kwa kiasi kikubwa unazipanga kwa wingi wa vipimo.

Uthibitisho mzuri zaidi ninaoujua wa pengo hili ni wa damu. Watafiti walipochunguza sampuli 3,098 za wachangiaji damu nchini kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili za korona, yaani alama ambazo kinga ya mwili huacha kwenye damu ya aliyewahi kuambukizwa. Mombasa ilifika asilimia 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5. Asilimia 4.3 ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 47 ni watu zaidi ya milioni mbili, wakati visa vilivyokuwa vimethibitishwa hadi tarehe 31 Julai 2020 vilikuwa 20,636. Wachangiaji damu si picha kamili ya wananchi wote, lakini hata ukipunguza nusu, pengo linabaki kubwa mno kiasi kwamba tofauti ndogo za visa kati ya kaunti na kaunti hazina uzito.

Kamati ikakubaliana kuacha kujilinganisha kwa visa. Ingejilinganisha na majirani kwa kitu kimoja: usiku huu, nani anaweza kumpokea mgonjwa wa nani?

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhesabu upya, na maana ya kitanda ikabadilishwa. Kitanda kingehesabiwa tu kama kina oksijeni inayokifikia, geji inayofanya kazi na muuguzi wa zamu. Vitanda vya mabweni vikafutwa. Jioni hiyo uwezo wa kaunti ulishuka hadi sehemu ndogo ya ule uliokuwa umeandikwa, na vitanda vilivyokaliwa vikawa karibu vyote. Hakuna mgonjwa aliyeongezeka kati ya asubuhi na jioni.

Wa pili, ubao wa wodini ukawa ripoti. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni muuguzi wa zamu alituma mambo manne kwa simu: lita zote kwa dakika zinazotumika, mitungi iliyojaa, wagonjwa wanaosubiri ICU, na waliokataliwa au kupewa rufaa ya nje. Mhandisi wa vifaa tiba alizigeuza kuwa saa: tukiendelea hivi, oksijeni itatufikisha saa ngapi? Mwenye mamlaka ya kununua huelewa haraka zaidi akiambiwa saa kuliko akiambiwa asilimia.

Wa tatu, upasuaji usio wa dharura ulisitishwa. Uamuzi huu ulipingwa, na waliopinga walikuwa na hoja: mgonjwa wa ngiri anayesubiri leo anaweza kuja kesho utumbo umekwama. Uliopitishwa ni usitishaji wa wiki mbili, unaopitiwa upya kila Ijumaa. Kilichoamua ni wauguzi wa ganzi na wa chumba cha upasuaji, ambao ndio waliojua mashine na wangeweza kuongeza mikono wodini.

Wa nne ulihusu muda. Mgonjwa wa korona huwa kawaida anazidiwa juma moja hadi siku kumi hivi baada ya dalili kuanza, na vifo hufuata baadaye. Kwa hiyo waliolazwa leo waliambukizwa majuma mawili yaliyopita, na kafyu iliyotangazwa juzi isingeonekana wodini kabla ya mwisho wa mwezi. Kamati ilipiga hesabu ya vitanda kwa njia rahisi: wanaolazwa kwa siku mara siku wanazokaa. Kwa mfano, wakiingia sita kwa siku na kila mmoja akakaa siku 10, unahitaji vitanda 60. Wakiwa wagonjwa zaidi wakakaa siku 14, unahitaji 84 ingawa mlangoni wanaingia walewale sita. Kamati ikaomba oksijeni ya hali ile mbaya, bila kusubiri uhakika.

Wa tano ulikuwa wa kuambia umma, na huu ulichelewa. Viongozi wa kisiasa waliogopa kwamba kutangaza uwezo ulioshuka ghafla kungeonekana kama kukiri kwamba vitanda vilivyonunuliwa 2020 vilipotea. Mjadala ulichukua karibu juma zima.

Matokeo

Siku chache baadaye, umeme ulikatika usiku na mtambo wa oksijeni ukagoma kuwaka uliporudi. Kwa kuwa ripoti ya jioni ilikuwa imeonyesha saa zilizobaki, mitungi ya akiba ilikuwa imeshasogezwa wodini mapema, na spana sasa zilikuwa tatu. Wodi ya hospitali ya rufaa haikukosa oksijeni usiku ule. Fundi alifika alfajiri.

Katika hospitali za kaunti ndogo hali haikuwa hivyo. Wengi walioletwa kutoka huko walifika wakiwa na kiwango cha oksijeni kilichoshuka mno, na baadhi walifariki ndani ya saa chache baada ya kupokelewa, wengine ndani ya ambulansi. Vituo vingi vya afya havikuwa na kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni, kwa hiyo mtu aliambiwa arudi nyumbani akapumzike wakati mapafu yake yalikuwa yameanza kushindwa. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kuliko godoro la kitanda kimoja cha bwenini.

Wanaosubiri ICU waliendelea kuongezeka kwa majuma mawili baada ya ile "Jumatatu tulivu", kisha wakaanza kupungua Julai.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuhamisha jicho kutoka kitu chenye dari kwenda kitu kisicho na dari. Vitanda vilivyokaliwa haviwezi kupita asilimia 100, visa haviwezi kuzidi vipimo, wagonjwa wa ICU hawawezi kuzidi ICU. Foleni ya wanaosubiri haina mpaka, na lita zinazotumika hupanda kadiri wagonjwa wanavyozidiwa. Vipimo hivi viwili ndivyo vilivyosema kweli katika majuma ambayo vile vingine vilinyamaza.

Ripoti ya simu nayo ilifaulu kwa sababu ilikuwa fupi na haikumwongezea muuguzi kazi mpya, maana namba zilikuwa tayari ubaoni. Nimeona mifumo mizuri ya kompyuta ikifa kwa kumtaka mtu wa zamu ya usiku ajaze safu arobaini.

Kilichoshindwa kwanza ni mawasiliano. Katika juma ambalo viongozi walikuwa wakijadiliana maneno, familia ziliendelea kuamini kwamba kuna nafasi, zikachelewa kuwaleta wagonjwa, au zikawapeleka moja kwa moja hospitali ya rufaa zikipita vituo vilivyokuwa na mashine za kuzalisha oksijeni zisizotumika. Hofu ya kuonekana wamepoteza vitanda iliwagharimu watu ambao hawakuhusika na vitanda hivyo. Tangazo lilipotoka hatimaye, lilipokelewa kwa utulivu, na chifu mmoja aliligeuza kuwa maelekezo ya barazani ya nani aende kituo gani.

Pili, makubaliano na majirani yalibaki ya mdomo. Madaktari waliofahamiana walipigiana simu na kusaidiana. Zamu ilipobadilika, ambulansi zilianza tena kuondoka bila kujua zinapokelewa wapi. Kaunti 13 zilitangazwa kuwa eneo moja kwa ajili ya kafyu, lakini kwa ajili ya vitanda kila moja ilibaki kisiwa.

Tatu, vifo vya nyumbani. Wakati wote huo idadi ya vifo vya korona ya kaunti ilihesabu waliofia hospitalini baada ya kupimwa. Wazee wa vijiji walijua mazishi yameongezeka, na waliokuwa wakitengeneza majeneza kando ya barabara kuu walijua pia. Kamati ilipendekeza machifu wahesabu mazishi kila wiki, bila kuuliza sababu ya kifo, ili jumla ilinganishwe na ya miaka iliyotangulia. Pendekezo lilipita, fomu ikachapishwa, na lokesheni chache zikaanza kuzijaza. Wimbi lilipopungua Agosti, fomu ziliacha kuja.

Fomu ya kila siku ya wodi bado ina safu ya wanaosubiri na safu ya lita. Mabweni ya chuo yalirudishiwa wanafunzi.